Mashine Walipaka Rangi, Mama Olive Wakampaka Matope

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Olive Kavugho ameingiza kichwa na bega moja ndani ya mashine, na anagombana na kioo.

"Angalia hii uchafu," anasema, sauti ikitoka ndani ya bati. "Jana magaribi nilipangusa. Leo tena iko nyeusi. Mavumbi ya huu muji inaingia hata mu meno!"

Anatoa kitambaa cha pamba, anakikung'uta, anakigeuza upande safi na kurudi kwenye kioo. Kioo chenyewe ni kirefu kama mkono wa mtu mzima na chembamba kama rula. Nyuma yake kuna kamera. Mbele yake, kuanzia saa mbili, zitaanza kupita tani tatu za kahawa, punje kwa punje, zikianguka kwa kasi ambayo jicho la mtu haliwezi kuifuata.

Olive ana miaka arobaini na saba. Ni mzaliwa wa Butembo, mkazi wa mtaa wa Katoyi, mjane, mama wa watoto watano. Kwa miaka kumi na tisa amechambua kahawa kwa mikono katika depo hii ya hapa Goma, iliyo upande wa ziwa. Leo ndiye anayeitunza mashine iliyowatoa wenzake kazini.

Hatua chache kutoka pale alipo, kwenye ubao wa matangazo kando ya lango, imebandikwa barua ya ukurasa mmoja yenye muhuri. Inasema kwamba Kavugho Olive, mchambuaji, amefanya hujuma. Inasema alirudisha kahawa mbovu ndani ya kahawa safi kwa makusudi, ili kulipiza kisasi kwa ajili ya wanawake walioachishwa kazi.

Barua hiyo ni ya uongo, na aliyeiandika anajua ni ya uongo. Mashine inafanya kazi vizuri leo kwa sababu ya mwanamke huyohuyo aliyetajwa humo. Hata hivyo barua iko palepale, hii ni wiki ya saba tangu arudishwe kazini, na kila asubuhi anapita mbele yake akienda kuwapanguzia kioo.

Kama hilo halikuudhi, msomaji, endelea kusoma. Utaudhika tu.

Kabla ya Machi mwaka huu, depo hii ilikuwa na wachambuaji sabini, wanawake watupu. Kahawa ilishuka kutoka Minova na Kalehe kwa malori na maboti, ikakobolewa, kisha ikamwagwa mbele yao. Kazi yao ilikuwa kutoa punje nyeusi, zilizochacha, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Gunia la kilo sitini lililipwa faranga elfu tatu, na mwanamke mwenye mkono mwepesi alimaliza mawili kwa siku.

Watu wengi hudhani kazi hiyo haina akili ndani yake. Unakaa, unaokota, basi. Mwandishi wa makala haya naye alidhani hivyo, mpaka alipoketishwa mezani na Nasiba, mmoja wa wachambuaji wakongwe, binti wa familia ya Kiislamu yenye asili ya Kasongo huko Maniema.

"Chambua," aliniambia Nasiba, akanimwagia punje kwenye sinia jeupe.

Nikachambua. Baada ya dakika kumi macho yalikuwa yananiuma na punje zote zimekuwa nyeusi. Nasiba alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaziondoa kwenye sinia, akazimwaga juu ya kitambaa chake mwenyewe, kipande cha kitenge kilichochujuka mpaka kikawa na rangi ya kijani iliyofifia, karibu na kijivu, kama kahawa isiyokaangwa. Punje nzuri zikazama ndani ya kile kitambaa. Mbovu zikabaki juu, moja, mbili, saba, kana kwamba kuna mtu aliyezichora kwa wino.

"Kila mama hapa iko na kitambaa yake," alinieleza. "Na haiwezi kuwa nyeupe hata siku moja. Kwa nyeupe, punje yote inageuka nyeusi. Kwa rangi ya kahawa yenyewe, ile muzuri inapotea, ile mubaya inabaki inakuangalia."

Mgeni anapoingia kazini, wenzake humpa kitambaa kabla ya kumwonyesha choo. Hawamwachi akatafute chake sokoni, kwa sababu atarudi na kitu cheupe cha kung'aa, akijivunia usafi. Wote hufanya kosa hilo. Kitambaa cha Olive alipewa na mwanamke ambaye sasa ni marehemu.

Halafu kuna mwanga wenyewe. Asubuhi wanawake hukaa migongo ikielekea madirisha ya upande wa Gisenyi, jua linakotokea. Jua likipanda, wanageuza meza. Hakuna anayekaa jua likimpiga usoni, na kukiwa na mvua hawakubali taa moja ya katikati, maana inatupa kivuli cha mkono juu ya punje. "Punje ya kumetameta inadanganya," anasema Nasiba. "Mwangaza inapigaka juu, weye unaona kung'aa tu, hauone kidonda."

Hakuna aliyewafundisha hayo shuleni. Waliyajua kwa sababu punje moja nyeusi ikipita, gunia zima linarudi mezani na siku yako imekwenda na maji.

Mashine ilifika mwezi wa Machi, ikiwa ndani ya sanduku la mbao lenye urefu wa mtu na nusu. Fundi wa walioiuza alikaa nayo siku mbili, akaifunga na kuijaribu. Siku ya tatu wanawake sitini na nne waliambiwa warudi nyumbani. Walibaki sita: Olive, Nasiba na wengine wanne, wa kumimina, kufagia na kuchungulia kinachotoka.

"Bale benzangu walinikasirikia," anasema Olive. "Walisema mi nimeolewa na mashini. Mi nilinyamaza. Nikona batoto tano, ningesema nini?"

Lakini jambo moja hawezi kulificha: mashine ilimvutia. Fundi yule alifungua kifuniko akamwonyesha. Kahawa inateleza kwenye mfereji, inaruka hewani, taa zinaimulika mbele na nyuma, kamera inaipiga picha. Ikionekana mbovu, bomba dogo linatoa upepo, pu! Punje inatupwa pembeni. Nyuma ya mahali punje zinapopita, kuna bamba refu la rangi ya kijani kilichofifia.

Olive akauliza bamba lile ni la nini. Fundi akamweleza: limepakwa rangi ya kahawa nzuri makusudi, tena rangi isiyong'aa, ili punje nzuri ipotee machoni pa kamera na mbovu ijitokeze.

"Nilicheka mpaka machozi," anasimulia. "Nikamwambia, Papa, hii ni kitambaa yetu! Akaniuliza kitambaa gani. Nikaenda kuleta. Naye akacheka. Papa Julien alikuwa hapo anasimama. Alisikia yote."

Papa Julien ni Julien Zihindula, gérant wa depo, msimamizi wa kila kitu hapa, maana tajiri mwenye depo yuko ng'ambo. Likumbukeni jina hilo, na kumbukeni kwamba alikuwa amesimama pale.

Zaidi ya miezi miwili mashine ilifanya kazi safi. Mwezi wa Juni umeme uliruka, ukarudi kwa kishindo, na taa moja kati ya nne za mashine ikaungua. Kupata nyingine kulihitaji kuagiza nje, ipitie Kigali, iingie kwa mpaka wa Gisenyi. Wiki tatu, labda nne. Taa tatu zilikuwa nzima. Mashine ingeweza kwenda nazo, polepole.

Lakini wageni walikuwa wanakuja! Wanunuzi wakubwa walitangaza kuitembelea depo, na hapa kwetu mnajua mgeni akitangazwa kinachofuata. Rangi. Walipaka lango, walipaka ukuta, walipaka hata mawe ya lava yaliyopangwa kando ya njia ya kuingilia, yale mawe meusi ambayo mji mzima umekalia. Gérant alimwambia fundi wa rangi apake kila kinachoonekana kuchakaa.

Bamba la ndani ya mashine lilionekana kuchakaa. Likapakwa rangi nyeupe ya mafuta, ile ya kung'aa, mara mbili.

Zile taa je? Julien alimwita Ridhwani, fundi umeme wa mtaa wa Birere, na kumwagiza afunge taa za mrija za dukani. Zote nne. Ridhwani anasema alimwuliza mbona asiache zile tatu zilizo nzima. "Akanijibu kama tatu ya aina moja na moja ya aina ingine itaonekana mubaya kwa wageni," anakumbuka. "Mi ni mutu wa kuitwa. Nilifunga nikalipwa, nikaenda." Taa tatu nzima, zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera ile, zikatiwa ndani ya katoni chini ya ngazi ya ofisi.

Tuseme tu ukweli: ukumbi wa mashine ulipendeza. Ulimetameta kama sebule ya bibi harusi. Na kuanzia asubuhi iliyofuata, mashine ikawa kipofu.

Ilitema kahawa nzuri kwa ndoo. Punje safi kabisa, zenye rangi ya kupendeza, zote pu, pembeni. Mbele ya bamba jeupe kila punje ilionekana nyeusi, kama zilivyoonekana kwangu kwenye sinia. Bamba lilikuwa linarudisha mwanga wa kung'aa moja kwa moja kwenye kamera. Julien alipoona kahawa nzuri inapotea, aliipunguza ukali mashine, isiwe na haraka ya kutema. Sasa zile nyeusi za kweli zikapita bila wasiwasi.

"Siku ya kwanza nilimwendea," anasema Olive. Hapa anaacha kupangusa, anashuka ngazi na kunisogelea, kidole juu. "Siku ya kwanza, siyo ya pili! Nilimwambia, Papa Julien, mumeivalisha mashini nguo nyeupe. Haione tena. Unajua alinijibu nini? 'Mama Olive, weye unajua punje. Hii ni informatique, mambo ya kompyuta.' Wale wote walikuwa hapo wakacheka."

Wiki ileile Nasiba alirekodi video ya ukumbi mpya ili aionyeshe nyumbani. Kwenye kioo cha simu yake iliyokuwa ikirekodi, mistari myeusi ilikuwa inapanda na kushuka juu ya mashine. Kwa macho taa zilikuwa zimetulia tuli. Olive alipoiona ile mistari alielewa: taa za dukani zinawaka na kufifia bila kukoma, mara mia kwa sekunde, upesi kuliko jicho lakini si upesi kuliko kamera. Punje inayoanguka wakati taa imefifia inapigwa picha gizani. Hata iwe nzuri namna gani, itaonekana mbovu.

Ridhwani, nilipomwuliza, alikubali bila kuzungukazunguka. "Njo vile kabisa. Zile za mashini zilikuwa na boite yao, kasanduku ya kutuliza umeme. Zangu ni za kumulika nyumba. Kama bangeniambia kuna kamera, ningesema."

Olive alichukua simu, akapanda nayo ofisini. Julien aliitazama, akamrudishia. Akamwambia Nasiba ana simu ya bei rahisi.

Julai, shehena ikakataliwa. Mnunuzi alichukua sampuli, akahesabu punje nyeusi, akasema hii si kahawa, ni takataka. Tajiri akapiga simu kutoka huko aliko. Alitaka kujua nani kaharibu.

Jumamosi iliyofuata, wafanyakazi wote waliitwa uani. Waliitwa pia wale wanawake sitini na nne, kwa kisingizio kwamba kuna tangazo linalowahusu. Wakaja mbio, maskini, wengine wakiwa na vitambaa vyao mikononi. Walidhani wanarudishwa kazini.

Julien akasimama juu ya ngazi ya ofisi akasoma barua, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Hujuma. Makusudi. Kavugho Olive.

"Nilikuwa nimeshika ufagio," anasema Olive. Sauti inashuka. "Nilisikia jina yangu kama ya mutu mwingine. Nikaangalia bamama. Bengine baliangalia chini. Moja alisema, 'Kumbe alitufanyia vizuri.' Alizani ni kweli, na alikuwa anafurahi! Mi nikalia. Sikulia kwa kufukuzwa. Nililia juu ya ile kufurahi."

Alitembea kwa miguu hadi Katoyi. Wiki tano alizunguka depo nyingine za kahawa. Lango la kwanza walimwambia hakuna nafasi. La pili walimwambia watamletea habari. La tatu mlinzi alimwuliza, "Ni weye ule wa barua?" Mtu alikuwa ameipiga picha, ikazunguka kwenye simu mji mzima.

Nyumbani kwake shirika la Kikristo la mtaa lilimnyang'anya ufunguo wa stoo ya kanisa, aliokaa nao miaka minane. Walimwambia ni kwa muda, mpaka mambo yatulie. Walimwambia kwa upole, na upole huo, anasema, ulimwuma kuliko kofi.

"Miaka kumi na tisa," anasema. "Sikurudisha punje moja mubaya mu gunia. Hata moja. Unajua kiburi yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa hapo. Sina nyumba, sina shamba, bwana alikufa. Nilikuwa na ile tu: Olive gunia yake haifunguliwe mara ya pili."

Wakati huohuo ndani ya depo mhujumu ameshafukuzwa, na mashine inaendelea kutema nzuri na kupitisha mbovu. Shehena ya pili ikarudi. Nasiba ndiye aliyefungua mdomo, uani, mbele ya wapakuzi: "Papa Julien, Mama Olive haiko. Sasa nani anatuharibia? Ni jini?"

Watu walicheka, Julien hakucheka. Siku mbili baadaye alimtuma Nasiba huyohuyo kwenda Katoyi kumwita. Bila barua, bila pole. "Umwambie aje kuona mashini kidogo."

Kidogo! Olive alikuja. Hapa wengi wamemlaumu, hata mwanawe mkubwa, na mimi nilimwuliza kwa nini hakuwafungia mlango. "Kwa sababu nilikuwa nataka kushinda," alinijibu, akanitazama kana kwamba nimeuliza upuuzi.

Aliomba kilo ishirini za kahawa safi. Akahesabu punje mbovu mia mbili, mbele ya mashahidi, akazichanganya humo. "Pitisha," akasema. Mashine ikapitisha. Kati ya mbovu mia mbili ikakamata themanini na tatu, na ikatupa karibu kilo nne za kahawa nzuri.

Kisha akamwita Ridhwani. Taa za dukani zikatolewa, zile tatu zikatolewa kwenye katoni chini ya ngazi. Ridhwani akazisogeza ili pengo la ile ya nne lisiache kivuli upande mmoja. Olive akapangusa vioo. Halafu akafungua mkoba, akatoa kitambaa chake, akakitandika juu ya bamba jeupe na kukibana kwa vibanio vya nguo, kimenyooka, bila kunyanzi hata moja. Mashine ikaonyeshwa upya punje nzuri inafananaje. Kilo ishirini zikapita tena, na mbovu zilezile mia mbili.

Ikakamata mia moja themanini na nane. Nzuri zilizotupwa hazikuzidi konzi mbili.

"Nilipiga kigelegele," anasema Nasiba. "Sikuogopa mutu."

Siku ya pili Ridhwani alichanganya rangi isiyong'aa, Olive akiwa amesimama nyuma yake na konzi ya kahawa, akikataa, akikataa, akikataa, mpaka rangi ikawa sawa na punje. Bamba likapakwa. Mashine ikarudi kuona.

Na barua?

Olive aliuliza siku hiyohiyo. Akaambiwa tajiri ndiye wa kusaini. Akauliza wiki iliyofuata, tajiri yuko safarini. Mara ya tatu aliambiwa asiwe na papara, si amesharudi kazini? Si analipwa sasa faranga laki mbili na elfu ishirini kwa mwezi, zaidi ya zamani? Mara ya tano hakujibiwa.

Nilipanda ngazi za ofisi kumwona Julien Zihindula. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mpole wa sauti, suruali imepigwa pasi. Alinipa kiti na maji. Nilimwuliza kama anaamini Olive aliharibu kahawa.

"Hapana," alisema.

Nilimwuliza kama aliamini hivyo siku alipoisoma barua.

Alizungusha kalamu. "Monsieur, ungekuwa mahali pangu ungeandika nini? Kwamba ni mimi nilisema wapake rangi? Kwamba ni mimi nilitoa lampe tatu nzima juu ya wageni? Patron alitaka jina. Nilimupa jina."

"Nilimupa jina"! Anayesema hivyo ana hofu, ninaiona. Naye ana watoto na ada za shule, na mji huu siku hizi hauna kazi za kuchezea. Lakini alikuwa na majina mengi ya kuchagua, la kwake likiwemo. Akachagua la mwanamke ambaye hawezi kuandika barua ya Kifaransa ya kujijibu.

Nilimwuliza barua itatoka lini ubaoni. Akasema, "Tumalize kwanza hii commande, oda ya munuzi. Patron ananisukuma sana. Nyuma ya hapo tutaona."

Tulishuka pamoja. Uani lori kutoka Minova lilikuwa limeegeshwa, tani tatu, na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wakisubiri magunia yaliyochambuliwa wayakimbize kwenye stoo. Kesho yake mnunuzi alitarajiwa kuja kuchukua sampuli. Mashine ilikuwa inanguruma. Olive alikuwa amesimama kando yake, kiganja chini ya mdomo wa kutolea, akizichungulia punje.

"Mama Olive," Julien aliita juu ya kelele, akitabasamu, pengine kwa ajili yangu. "Sukuma kidogo, tumalize leo!"

"Barua iko wapi?" Olive aliuliza.

"Nimemwelezea huyu mwandishi. Nyuma ya commande tutaona."

Olive aliitikia kwa kichwa. Akazimwaga punje zilizokuwa kiganjani, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akanyoosha mkono na kubonyeza kitufe chekundu.

Sijui kama mmewahi kusikia ukumbi wa namna ile ukinyamaza. Upepo ulikata. Punje za mwisho ziliteleza na kutulia. Wapakuzi waligeuka, mzigo mabegani. Olive alikwenda kwenye rundo la magunia, akachagua moja, akaketi.

"Mama, unafanya nini?" Julien alisema.

"Nimechoka. Niko napumzika."

"Lori iko inangoja!"

"Ingoje. Mi nimengoja wiki saba."

Alisema kila kitu hapo, ameketi, bila kupandisha sauti, na wote tuliokuwepo tulimsikia. Hataki pole ya ofisini mlango ukiwa umefungwa. Hataki barua ibanduliwe jioni watu wakiwa wameondoka. Anataka iandikwe nyingine, ya kweli, itaje rangi na itaje taa. Isomwe Jumamosi, palepale juu ya ngazi, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili. Na wale wanawake sitini na nne waitwe tena wote, waisikie kwa masikio yao.

"Nyuma ya hapo," alisema, "nitawaambia tena kitu kingine. Kama hii mashini inahitaji macho ya bamama ili ione, basi bamama barudi. Siyo wote. Najua. Hata kumi. Lakini ile ni ya nyuma. Kwanza jina yangu."

Nasiba alikuja akaketi kwenye gunia la pili. Wale wanne wakaacha mafagio.

Julien alitazama lori. Akaitazama simu yake. Kisha akaiendea mashine, akainua kidole juu ya kitufe cha kijani. Ni kitufe kikubwa, kiko wazi, yeyote anaweza kukibonyeza.

"Bonyeza, Papa Julien," Olive alisema. "Haiko na shida. Ila kesho ikikataliwa tena, utaandika jina ya nani?"

Kidole kilibaki hewani. Kikashuka polepole, kikaingia mfukoni. Alisimama hapo, jasho limemtoka kwenye shati lililopigwa pasi, na watu wote wa depo wanamtazama.

"Utakaa hapo mpaka saa ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Mpaka utasoma."